Jinsi ya kuliyumbisha Ziwa Tanganyika ndani ya kompyuta: mwongozo kamili kutoka Kigoma

Ukibeba beseni la maji kutoka ziwani, maji huyumba. Yanapanda upande mmoja, yanashuka upande wa pili, kisha yanarudi. Ziwa Tanganyika nalo ni beseni: urefu wake ni takriban kilomita 670 kutoka Bujumbura kaskazini hadi Mpulungu kusini, na kina cha wastani ni mita 570. Upepo ukilisukuma kisha ukatulia, ziwa zima huyumba vilevile.

Tutaandika programu ya mistari isiyofika ishirini itakayoliyumbisha. Kisha programu hiyohiyo, kwa kubadilisha namba chache tu, itatupigia nyundo kwenye chuma cha reli na kutuonyesha wimbi lililofichika chini ya uso wa maji. Unahitaji kompyuta mpakato yoyote iliyo na Python, hata ya zamani. Umeme ukikatika usijali, kazi yote inamalizika kabla betri haijashuka hata kidogo. Unahitaji pia daftari, kalamu na kikokotoo, na hivi ndivyo nitakavyovisisitiza zaidi. Nimewaona vijana wengi hapa Kigoma wakianza na programu kubwa zenye picha za rangi, wakapata picha nzuri, wasijue kama ni za kweli. Mimi nataka uanze na kitu ambacho kila namba yake unaweza kuihakiki kwa mkono.

Hatua ya kwanza: lijue jibu kabla hujaiuliza mashine

Wimbi ambalo urefu wake unazidi kina cha maji kwa mbali husafiri kwa mwendo unaotokana na kipeuo cha pili cha g (namba ya mvuto wa dunia, 9.81) mara kina. Kwa ziwa letu: 9.81 mara 570 ni 5,591.7, na kipeuo chake cha pili ni 74.78. Yaani mita 74.78 kwa sekunde, karibu kilomita 270 kwa saa. Hayo si maji yanayokwenda, ni habari inayopita ndani ya maji. Maji yenyewe yanasogea kwa milimita chache tu kwa sekunde.

Mwaka 1828 mwanahisabati Merian alionyesha kwamba beseni lenye kina kimoja huyumba mara moja kwa muda ambao wimbi linautumia kwenda na kurudi. Kwenda na kurudi ni mita 1,340,000. Gawanya kwa 74.78, unapata sekunde 17,920, pungufu kidogo ya saa 5. Iandike namba hiyo juu ya ukurasa na uizungushie duara. Programu ikikupa saa 3 au saa 9, kosa ni la programu.

Hatua ya pili: sheria mbili

Hesabu yote inasimama juu ya sheria mbili ambazo mtoto anayecheza na maji ya mvua anazijua. Ya kwanza: maji husukumwa kutoka palipoinuka kwenda palipoinama, na tofauti ya kimo ikiwa kubwa, msukumo nao ni mkubwa. Ya pili: mahali palipoingia maji mengi kuliko yaliyotoka, kimo kinapanda.

Kompyuta haijui vitu vinavyobadilika bila kukatika. Inajua namba moja moja. Kwa hiyo tunalikata ziwa katika vijisanduku vilivyopangwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Kila kijisanduku kina namba moja, kimo cha maji juu au chini ya usawa wa kawaida, tuiite h. Katika kila mpaka kati ya vijisanduku viwili kuna namba nyingine, mwendo wa maji yanayovuka mpaka huo, tuiite u. Zingatia kwamba kimo kinakaa katikati ya kijisanduku na mwendo unakaa mpakani. Ukiviweka vyote mahali pamoja, utajipatia vimo vya juu-chini-juu-chini ambavyo hesabu haivioni kabisa, maana itakuwa inalinganisha kijisanduku na jirani wa pili badala ya wa kwanza.

Mipaka miwili ya mwisho, Bujumbura na Mpulungu, ni kingo. Maji hayapiti, kwa hiyo u pale ni sifuri siku zote.

Hatua ya tatu: fanya kwa mkono

Tafadhali usiiruke. Kata ziwa katika vijisanduku vitano tu, kila kimoja kilomita 134. Hatua ya muda iwe sekunde 1,000. Tuanze na ziwa lililoinama, kaskazini juu na kusini chini: sentimita 10, 5, 0, −5, −10. (Ni mwinamo mkubwa kuliko wa kweli, tutaona baadaye kwa kiasi gani.) Maji bado yametulia, u zote ni sifuri.

Kanuni ya mwendo: u mpya ni u ya zamani, toa g mara hatua ya muda gawanya kwa upana wa kijisanduku, mara tofauti ya kimo. Sehemu ya mbele ni 9.81 × 1,000 ÷ 134,000 = 0.0732. Tofauti ya kimo katika kila mpaka ni −0.05 ya mita. Basi u katika mipaka yote minne ya ndani inakuwa 0.00366, chini ya milimita 4 kwa sekunde, kuelekea kusini.

Kanuni ya kimo: h mpya ni h ya zamani, toa kina mara hatua ya muda gawanya kwa upana, mara tofauti ya mwendo kati ya mipaka yake miwili. Sehemu ya mbele ni 570 × 1,000 ÷ 134,000 = 4.254. Kijisanduku cha kwanza kinatoa maji na hakipokei, kwa hiyo kinashuka kwa 4.254 × 0.00366, karibu sentimita 1.56. Kinabaki na 8.44. Cha pili kinapokea sawasawa na kinachotoa, hakibadiliki. Vimo vyote sasa ni 8.44, 5, 0, −5, −8.44.

Rudia. Mpaka wa kwanza sasa una tofauti ya 3.44 tu, mwendo wake unafika 0.00618, mpaka wa pili bado una tofauti ya 5, mwendo wake unafika 0.00732. Vimo vinakuwa 5.81, 4.52, 0, −4.52, −5.81.

Tazama kijisanduku cha pili. Katika hatua ya kwanza hakikutikisika, kikabaki na 5 yake. Katika hatua ya pili ndipo kikasikia kwamba jirani yake ameshuka. Habari za ukingoni hupita kijisanduku kimoja kwa kila hatua, hazipiti viwili. Kishike kichwani, kitatuokoa hatua mbili mbele.

Sasa jumlisha vimo vyote. Sifuri, kabla na baada. Hakuna maji yaliyopotea wala yaliyozaliwa. Jumla hiyo ndiyo ukaguzi wako wa kwanza kila siku ya kazi.

Hatua ya nne: mwachie kompyuta

```
from math import cos, pi

L = 670000.0
H = 570.0
g = 9.81
N = 67
dx = L / N
dt = 100.0

h = [0.05 * cos(pi * (i + 0.5) / N) for i in range(N)]
u = [0.0] * (N + 1)

for hatua in range(360):
    for i in range(1, N):
        u[i] = u[i] - g * dt / dx * (h[i] - h[i-1])
    for i in range(N):
        h[i] = h[i] - H * dt / dx * (u[i+1] - u[i])
    print((hatua + 1) * dt, h[0], h[18], sum(h))
```

Katika programu L ni urefu wa ziwa, H ni kina, N ni idadi ya vijisanduku, dx ni upana wa kila kimoja na dt ni hatua ya muda. Vijisanduku sasa ni 67, kila kimoja kilomita 10. Nimeanza na mkunjo laini badala ya mwinamo ulionyooka, kwa sababu mkunjo huo ndio umbo ambalo ziwa huyumba nalo kwa kipindi kimoja safi, na hapa tunataka kupima kipindi. Kijisanduku namba 18 ni karibu na Kigoma, zaidi kidogo ya robo ya njia kutoka Bujumbura. Utaona kwamba sisi tunapanda na kushuka takriban sentimita 3.2 wakati Bujumbura wanapanda na kushuka 5. Katikati ya ziwa kimo hakibadiliki, lakini mwendo wa maji ndio mkubwa kuliko kwingine.

Angalia mpangilio wa mistari: u zote kwanza, ndipo h, na h inatumia u iliyotoka kupikwa sasa hivi. Mtu akikokotoa zote mbili kutoka kwenye namba za zamani, akidhani anakuwa mwadilifu zaidi, programu itavimba na kuharibika hata apunguze hatua ya muda kiasi gani.

Hatua ya tano: ivunje kwa makusudi

Weka dt = 150. Badilisha pia mwanzo uwe mwinamo ulionyooka, sentimita 5 kaskazini hadi −5 kusini. Kufikia hatua ya 20 mawimbi yamefika mamia ya mita, na ukiendelea yanazidi hata ukubwa wa dunia.

Rudi kwenye daftari. Kwa mita 74.78 kwa sekunde, wimbi la kweli linavuka kijisanduku cha kilomita 10 kwa sekunde 133.7. Programu inapitisha habari kijisanduku kimoja tu kwa hatua. Ukiipa hatua ya sekunde 150, wimbi la kweli limeshafika mahali ambapo programu haijapata habari zake. Inabaki kubuni, na kila ubunifu unaukuza uliotangulia. Sharti hili lilithibitishwa mwaka 1928 na wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy, na wahandisi hulitumia hadi leo: mwendo wa wimbi mara hatua ya muda usizidi upana wa kijisanduku. Hiyo namba, mwendo mara dt gawanya kwa dx, ichapishe mwanzoni mwa kila programu utakayoandika. Kwa dt ya 100 ni 0.75. Tuko salama.

Hatua ya sita: pima kosa lako

Rudisha mkunjo laini. Pima kipindi kuanzia pale h[0] inapovuka sifuri ikishuka hadi inapovuka tena ikishuka. Kisia wakati wa kuvuka kwa kuunganisha namba mbili za jirani kwa mstari ulionyooka. Kwa vijisanduku 5 na dt ya 1,000, inatoka takriban sekunde 18,127. Kwa 10 na dt ya 500, takriban 17,971. Kwa 67, tofauti na 17,920 ya Merian haionekani tena.

Makosa ni 207, kisha 51. Ukubwa wa kijisanduku umebaki nusu, kosa limebaki robo. Uwiano huu ni muhimu kuliko udogo wa kosa lenyewe. Kama unapunguza ukubwa wa vijisanduku na kosa halishuki kwa mpangilio huo, kuna kasoro mahali fulani, mara nyingi kwenye kingo. Fanya jaribio hili kwa kila programu, hata ile uliyoinunua au uliyopewa bure.

Hatua ya saba: kina cha kweli, na mtego wake

Ziwa si sanduku. Kina chake kinafika mita 1,470 upande wa kusini. Kuliingiza hilo ni rahisi: kila mpaka upewe kina chake, H[i], na mstari wa kimo uwe dt / dx * (H[i+1]*u[i+1] - H[i]*u[i]). Kina kiwe ndani ya mabano, kikivuka pamoja na maji yake, la sivyo jumla ya maji haitabaki sifuri.

Hapa niliwahi kupoteza siku mbili nzima. Niliweka vina tofauti, nikaacha dt ya sekunde 100 kwa kuwa ilikuwa imefanya kazi vizuri jana yake. Kaskazini palikuwa patulivu, kusini pakalipuka. Nilisoma mistari yangu mmoja mmoja nikitafuta alama ya kutoa iliyogeuka. Mistari haikuwa na kosa. Penye mita 1,470, mwendo wa wimbi ni mita 120 kwa sekunde, na linavuka kijisanduku kwa sekunde 83. Kina cha wastani hakisaidii hapa: hatua ya muda hupangwa na kijisanduku chenye wimbi la kasi kuliko vyote. Weka 80 au pungufu.

Hatua ya nane: kutoka majini hadi kwenye reli

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Chukua kipande cha chuma cha reli cha mita 12 kilicholala chini bila kufungwa, ukipige nyundo kichwani. Msukumo unapita ndani ya chuma kama wimbi. Sheria zake ni mbili tena: sehemu yenye kasi kuliko jirani yake inambana, na mbano ukiwa mkubwa upande mmoja kuliko wa pili, sehemu inaongeza kasi.

Basi tumia programu ileile, hakuna mstari wa hesabu unaobadilika. Acha h iwe kasi ya kila kipande cha chuma na u iwe mbano kati ya vipande. Mbano kwenye ncha zilizo wazi ni sifuri, kama vile mwendo wa maji ulivyokuwa sifuri ukingoni. Penye g weka ukakamavu wa chuma, 200e9 paskali, yaani bilioni 200. Penye H weka 1/7850, yaani moja gawanya kwa uzito wa mita moja ya ujazo ya chuma kwa kilo, ndiyo densiti yake. L = 12, N = 120, dt = 0.000015. Vipande vitano vya mwanzo vipe kasi ya mita 1 kwa sekunde, vingine sifuri.

Mwendo wa wimbi ni kipeuo cha pili cha ukakamavu gawanya kwa densiti: mita 5,048 kwa sekunde. Wimbi linafika ncha ya pili baada ya milisekunde 2.28, karibu hatua ya 152. Kasi yake njiani ni nusu ya ile uliyoanza nayo, na mbano ni 7,850 × 5,048 × 0.5, karibu paskali milioni 20. Likigonga ncha iliyo wazi, kasi ya ncha hiyo inakuwa maradufu kwa muda mfupi. Yote haya unayapata kwa kalamu kabla hujabonyeza chochote.

Utaona kitu kingine: nyuma ya wimbi kunafuata viwimbi vidogo ambavyo chuma cha kweli hakina kwa ukubwa ule. Ni kwa sababu pigo letu lina kona kali, na programu huyachelewesha mawimbi mafupi kuliko marefu. Sasa jaribu dt iwe sawasawa na dx gawanya kwa mwendo, uwiano uwe 1 kamili. Katika hatua ya kwanza kabisa pandisha u kwa nusu ya dt tu, maana mbano umeanza kutoka sifuri saa ileile kasi ilipoanza, wakati programu huziweka hizo mbili zikipishana kwa nusu hatua. Viwimbi vinatoweka, kona zinabaki kali. Kwa chuma cha namna moja, hesabu hii inakuwa sahihi kabisa ikiwa imesimama kwenye ukingo wa kuvunjika. Mara ya kwanza kuliona hilo niliirudia hesabu kwa mkono kwa sababu sikuamini.

Kwa daraja, gati au chombo chenye umbo la kupinda, vijisanduku vya mraba havitoshi. Hapo hutumika vipande vya maumbo mengine, kama vya pembetatu, na programu za bure kama OpenFOAM kwa maji na CalculiX kwa vitu vigumu zinafanya kazi hiyo. Utazielewa haraka ukishapita hapa.

Hatua ya tisa: wimbi lisiloonekana

Hili ndilo lililonifanya nilipende somo hili. Juu ya Ziwa Tanganyika kuna tabaka la maji ya joto, kama nyuzi 26, nene kwa takriban mita 60. Chini yake maji ni baridi zaidi kidogo, nyuzi 23 na nusu hivi, na mazito zaidi kidogo: tofauti ya densiti ni kama sehemu 64 katika 100,000. Mpaka kati yao nao unaweza kuyumba, lakini kinachourudisha ni tofauti hiyo ndogo tu.

Penye g weka 9.81 × 0.00064, yaani 0.0063. Penye H weka 60 × 510 ÷ 570, yaani 53.7. Sasa h ni unene ulioongezeka au kupungua wa tabaka la joto, na u ni tofauti ya mwendo kati ya maji ya juu na ya chini. Mwendo wa wimbi unashuka kutoka mita 74.78 hadi 0.58 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea. Weka dt ya sekunde 10,800, saa 3, na uongeze idadi ya hatua ufike miezi miwili. Kipindi kinatoka karibu siku 27.

Waliopima joto la maji ziwani wamekuta mpaka huo ukiyumba kwa takriban mwezi mmoja. Programu ya daftari imefika jirani kabisa. (Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi nao huhesabu kazi yao kwa giza na mbalamwezi. Urefu wa vipindi hivyo viwili umekaribiana kwa bahati tu. Mwezi hauusukumi mpaka huu.)

Ongeza upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Upepo wa mita 6 kwa sekunde huburuta uso wa maji kwa takriban nyutoni 0.056 kwa kila mita ya mraba. Katika mstari wa u ongeza: toa dt * 0.056 / (1000 * 60). Ni kutoa kwa sababu kijisanduku cha sifuri kiko kaskazini.

Kabla ya kuendesha, rudi kwenye kalamu. Upepo ukidumu hadi kila kitu kitulie, uso wa ziwa unainama kwa milimita 7 hivi kutoka ncha hadi ncha. Ndiyo maana nilisema sentimita zetu za mwanzo zilikuwa kubwa mno. Lakini mpaka wa chini unainama kwa karibu mita 100: tabaka la joto linanenepa mita 50 upande wa Bujumbura na kukonda mita 50 upande wa Mpulungu, ambako linabakiwa na mita 10 tu. Ndipo maji baridi yenye rutuba yanaposogea karibu na mwanga, na kweli ni kusini mwa ziwa ambako maji ya chini hupanda wakati wa kiangazi.

Ukiwasha upepo ghafla kutoka ziwa lililotulia, programu itapita hapo na kufika karibu mita 100 kila ncha. Kusini utakuwa na tabaka lenye unene wa hasi 40. Kompyuta haitalalamika, itaendelea kuchapisha. Hesabu yetu ilidhani mabadiliko ni madogo kulinganisha na mita 60, na sasa si madogo. Kwanza pandisha upepo taratibu kwa wiki kadhaa. Pili, kokotoa upya H katika kila mpaka kwa kila hatua, ukitumia unene wa sasa wa tabaka, wastani wa vijisanduku viwili vinavyopakana, badala ya 60. Tatu, weka sharti: 60 + h[i] ikifika sifuri popote, programu isimame na ichapishe namba ya kijisanduku na siku. Maana yake maji ya chini yamefika juu ya uso pale, na kuanzia siku hiyo milinganyo hii miwili haina tena la kusema kuhusu kijisanduku hicho.